Jina na Tarakimu: Salah Abdi Sheikh na Kazi ya Mwanahistoria Mwenyeji Kaskazini Mashariki mwa Kenya

1.0 Utangulizi

Eneo la Kaskazini Mashariki mwa Kenya, yaani Garissa, Wajir na Mandera, limeandikwa kwa muda mrefu na watu waliofika huko kwa kazi: maafisa wa utawala, askari, wapimaji wa ardhi, na baadaye watafiti wa vyuo vikuu. Wenyeji wenyewe wamesimulia zaidi kuliko walivyoandika. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa historia ya Kenya hukutana na eneo hili kama tatizo la mpaka, la usalama au la ukame, na mara chache hukutana nalo kama mahali penye watu wanaojieleza. Wenyeji wameuona umbali huo. Ni jambo la kawaida huko kusikia msafiri aelekeaye Nairobi akisema kwamba "anakwenda Kenya".

Makala haya yanakusudia kuchunguza kazi ya mwanahistoria mwenyeji katika mazingira hayo. Mfano wetu mkuu ni Salah Abdi Sheikh, mwandishi wa kitabu Blood on the Runway: The Wagalla Massacre of 1984, kilichochapishwa Nairobi na Northern Publishing House mwaka 2007. Kitabu hiki kinahusu mauaji yaliyotokea Februari 1984 katika uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir, na kinategemea kwa kiasi kikubwa masimulizi ya walionusurika. Hatukusudii kuandika wasifu wa mwandishi kwa maana ya kuzaliwa, kusoma na kuajiriwa. Linalotushughulisha ni maisha yake ya uandishi, yaani hali zilizoifanya kazi yake iwe ya lazima, vyombo alivyorithi, na mipaka ambayo mwandishi yeyote wa aina yake hana budi kukabiliana nayo.

Hoja yetu ni kwamba kazi ya msingi ya mwanahistoria mwenyeji wa Kaskazini Mashariki ni kuzigeuza tarakimu zilizotolewa na dola kuwa majina ya watu. Hata hivyo, chombo kikuu alichonacho kwa kazi hiyo, yaani nasaba, ndicho chombo kilekile kilichotumiwa kuwachagua watu wa kuuawa. Hivyo basi, uhakiki wa kazi ya aina hii hauwezi kuishia kwenye swali la iwapo mwandishi amesema kweli. Ni lazima pia uulize anafanya nini na nasaba anapoisema kweli hiyo.

2.0 Historia iliyoandikwa na mtawala

Ili kuielewa nafasi ya Salah Abdi Sheikh, ni vyema kwanza tuone ni nani aliyeandika kabla yake. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902 iliwapa maafisa wa kikoloni uwezo wa kulifunga eneo la kaskazini, hata mtu asiweze kuingia wala kutoka bila ya kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 kuhusu utawala wa wilaya maalumu ikaongeza mamlaka ya maafisa hao juu ya watu na malisho yao. Eneo lililofungwa namna hii halikuwa na gazeti, wala mchapishaji, wala shule za kutosha. Lilikuwa na ofisi ya mkuu wa wilaya. Ofisi hiyo ndiyo iliyoandika taarifa za kila mwaka na taarifa za makabidhiano kati ya afisa mmoja na mwenzake, na taarifa hizo ndizo zilizohifadhiwa na kuwa chimbuko la historia za baadaye.

Si kwamba maandishi hayo hayana thamani. Charles Chenevix Trench, aliyekuwa afisa wa utawala kaskazini, aliandika The Desert's Dusty Face (1964), na msomaji makini atapata humo mengi kuhusu jangwa na visima. Baadaye mtaalamu E. R. Turton alichapisha makala muhimu mwaka 1972 kuhusu upinzani wa Wasomali dhidi ya utawala wa kikoloni, na kazi yake ilionyesha kwamba kumbukumbu za serikali zinaweza kusomwa kwa jicho la anayetawaliwa. Pamoja na hayo, hata usomaji wa namna hiyo unabaki ndani ya orodha ya mambo ambayo mtawala aliyaona yanafaa kuandikwa. Ng'ombe waliotozwa faini walihesabiwa. Ngamia waliotaifishwa walihesabiwa. Mwenye ngamia, kwa kawaida, alitajwa kwa ukoo wake tu.

Uhuru haukuivunja desturi hiyo. Tume iliyotumwa mwaka 1962 kupima maoni ya wakazi ilikuta wengi wao wakitaka kujiunga na Somalia, lakini matakwa hayo hayakufuatwa. Mwaka 1963 likaundwa Jimbo la Kaskazini Mashariki, makao yake yakiwa Garissa, na tarehe 28 Desemba mwaka huohuo, majuma machache baada ya bendera kupandishwa Nairobi, hali ya hatari ikatangazwa huko. Vita vilivyofuata viliendelea hadi baada ya makubaliano ya Arusha ya mwaka 1967. Sheria ya mwaka 1970 ikawakinga watumishi wa serikali na askari dhidi ya mashtaka kwa matendo yao katika eneo hilo kuanzia Desemba 1963 hadi Desemba 1967. Kanuni za hali ya hatari zenyewe hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Kwa maneno mengine, mtu aliyezaliwa Garissa au Wajir mwaka 1963 alifikia umri wa miaka 28 kabla hajaishi siku moja chini ya sheria zilezile zilizomtawala Mkenya wa Nyeri au Kisumu.

Lugha nayo ilishiriki. Neno "shifta", lenye asili ya Ethiopia na lenye maana ya jambazi wa porini, liliingia katika Kiswahili cha Kenya kupitia matangazo ya serikali na magazeti. Neno hilo lilikusanya pamoja mpiganaji wa kisiasa, mwizi wa mifugo na mchungaji asiye na hatia. Mtu akishaitwa shifta, hakuna tena haja ya kuuliza alitaka nini. Kwa sababu hii, mwanahistoria mwenyeji huanza kazi yake akiwa na deni la msamiati, kwa kuwa maneno anayoyakuta yamekwisha kutoa hukumu.

3.0 Nasaba kama hazina na kama chujio

Mwenyeji hakuwa mtupu, hata hivyo. Jamii ya Wasomali ina utaratibu wake wa kuhifadhi historia, na kiini chake ni abtirsi. Neno lenyewe linaunganisha dhana ya mzazi wa kiumeni na dhana ya kuhesabu, hivyo kwamba tunaweza kulifasiri kuwa ni hesabu ya mababa. Mtoto hufundishwa kuyataja majina ya mababu zake mmoja baada ya mwingine, hadi afike kwa mzazi wa ukoo. Kwa utaratibu huo mtu hujua ni nani anayestahili kumlipia fidia, ni nani atakayemruhusu kuinywesha mifugo yake kisimani, na ni kwa nani atakimbilia ukame ukizidi. Utafiti wa I. M. Lewis katika A Pastoral Democracy (1961) ulionyesha kwa kina jinsi nasaba inavyobeba siasa na sheria za wafugaji hawa. Kando ya nasaba pana ushairi. Said S. Samatar, katika utafiti wake wa mwaka 1982 kuhusu ushairi na utaifa wa Wasomali, ameeleza jinsi shairi lilivyokuwa chombo cha hoja, cha vita na cha kumbukumbu.

Ni muhimu kuona kwamba katika abtirsi, hesabu na jina si mambo mawili yanayopingana. Kuhesabu ni kutaja. Idadi ya vizazi haijulikani ila kwa kuyapitia majina yenyewe. Hii ni hesabu ya aina tofauti kabisa na ile ya mkuu wa wilaya, ambayo hupata jumla kwa kuyafuta majina.

Mauaji ya Wagalla yaliivamia hazina hii. Operesheni iliyoanza tarehe 10 Februari 1984 ilielezwa kuwa na lengo la kuwapokonya silaha watu wa ukoo wa Degodia, kufuatia mapigano kati yao na Waajuran. Wanaume walikusanywa kutoka mjini Wajir na vijijini wakapelekwa katika uwanja wa Wagalla. Walivuliwa nguo, wakanyimwa maji na chakula kwa siku kadhaa chini ya jua kali, na wengi wakapigwa risasi. Waliobainika kuwa si wa ukoo huo waliachiliwa. Kwa hiyo, swali ambalo mzee humuuliza mgeni kisimani ili ajue amkirimu vipi, "wewe ni wa nani?", liliulizwa na askari ili kuamua nani abaki uwanjani. Majina ya mababa yalifanywa ushahidi wa hatia.

Hapa ndipo ugumu wa kazi ya mwandishi unapodhihirika. Mtu anayetaka kuwakumbuka waliouawa hana njia ya haraka zaidi ya kuwatambulisha kuliko kuwataja kwa baba, babu na ukoo. Lakini kila anapofanya hivyo anarudia, kwa nia njema, uainishaji uliowaua. Akiacha ukoo, anaficha sababu iliyowafanya wao wachaguliwe na jirani zao waachwe. Akiushikilia ukoo, anaweza kuigeuza jinai ya dola dhidi ya raia kuwa shauri la ukoo mmoja, jambo ambalo koo nyingine zitalisikiliza kwa mashaka.

Mohamed I. Farah, katika utafiti wake uliochapishwa Uppsala mwaka 1993 kuhusu kupenya kwa dola miongoni mwa wafugaji wa Kaskazini Mashariki, alionyesha mwelekeo wa siasa za eneo hili kutoka katika mwitikio wa kabila zima kuelekea katika utambulisho wa koo. Matokeo hayo yana maana kubwa kwa mhakiki. Ikiwa ukoo, kama tunavyouona katika siasa za leo, umekuzwa pia na namna dola ilivyogawa, ilivyoadhibu na ilivyozawadia, basi mwanahistoria hawezi kuuchukulia ukoo kama jambo la asili lililokuwapo tu. Lazima auchukulie kuwa nao una historia.

4.0 Kitabu na uteuzi wa maneno

Tukikitazama kitabu cha Salah Abdi Sheikh, uteuzi wa kwanza wenye uzito umo katika kichwa chake. Serikali ilikuwa imelitumia neno "operesheni". Kitabu kinatumia neno lenye maana ya mauaji ya halaiki, na kinaliweka pamoja na jina la mahali na mwaka: Wagalla, 1984. Hakuna jina la ukoo katika kichwa hicho. Wala hakuna jina la mtu, awe muuaji au muuawa. Mahali ndipo panapobeba tukio.

Kwa maoni yetu, huu ni uamuzi wa busara, na unajibu kwa sehemu tatizo tulilolieleza hapo juu. Ukoo una wenyewe, na asiye wa ukoo huo hana dai juu yake. Mahali ni tofauti. Wagalla ni sehemu ya Wajir, Wajir ni sehemu ya Kenya, na kila Mkenya anayelisikia jina hilo analazimika kuuliza ni kitu gani kilitendeka katika nchi yake. Tunajua kutokana na mifano ya mataifa mengine kwamba majina ya mahali hufanya kazi hii vizuri. Sharpeville ya Afrika Kusini ya mwaka 1960 inajulikana duniani kwa jina la kitongoji. Hola ya mwaka 1959, iliyoko katika bonde hilohilo la Mto Tana lipitalo Garissa, iliingia katika historia ya ukoloni kwa jina la mahali ambapo wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa. Tofauti ni kwamba Hola ilikuwa jinai ya Mwingereza, na taifa huru lilikuwa tayari kuikumbuka. Wagalla ilikuwa jinai ya taifa huru lenyewe.

Neno la pili lenye uzito katika kichwa ni lile la njia ya kurukia ndege. Uwanja wa ndege katika wilaya ya mbali ni ishara ya kwamba serikali imefika. Ndipo wanaposhuka waziri, daktari na karatasi za mtihani. Kuweka damu juu ya ishara hiyo ni kusema kwamba dola haikukosekana Kaskazini Mashariki, kama inavyodaiwa na wengi wanaolalamikia kutelekezwa kwa eneo hili. Ilikuwapo. Mhakiki anaweza kusema kwamba kichwa hiki kina ladha ya uandishi wa magazeti na kinatafuta kumshtua msomaji kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Pingamizi hilo lina haki yake, na mwanahistoria wa chuo kikuu pengine angechagua maneno baridi zaidi. Lakini ni lazima tukumbuke kitabu kilikuwa kinajibu nini. Kilikuwa kinajibu ukimya wa miaka 23.

Ukimya huo ulikuwa na tarakimu zake. Mwaka 1984 serikali ilisema kwamba waliokufa walikuwa 57. Mbunge Ahmed Khalif alilifikisha suala hilo Bungeni na kuipinga taarifa ya serikali. Annalena Tonelli, Mtaliana aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, aliwakusanya majeruhi na maiti pamoja na wenzake, na ushuhuda wake ulisaidia habari kutoka nje ya nchi. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya. Aliuawa Borama, kaskazini mwa Somalia, Oktoba 2003. Mwaka 2000 serikali ilitaja Bungeni idadi ya 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, ilikadiria kwamba waliouawa wanakaribia 1,000. Wapo wenyeji wanaosema walikuwa maelfu.

Tarakimu hizi nne au tano zinatufundisha jambo moja. Idadi ya waliokufa ilibadilika kila aliyehesabu alipobadilika, ilhali maiti walikuwa walewale. Katika hali kama hii, kuongeza tarakimu nyingine hakusaidii sana, hata ikiwa ni sahihi zaidi, kwa sababu tarakimu hupingwa kwa tarakimu. Jina ni vigumu zaidi kulipinga. Anayetaka kupinga kwamba mtu fulani, mwana wa fulani, alitoka nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 10 Februari na hakurudi, itambidi amwonyeshe mtu huyo. Ndiyo maana tunasema kwamba nguvu ya kitabu kama hiki haimo katika jumla kinayoitetea bali katika mashahidi kinaowapa nafasi ya kusema.

Aidha, mfuatano wa miaka unastahili kuzingatiwa. Kitabu kilitoka mwaka 2007. Sheria iliyounda Tume ya Ukweli ilipitishwa mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, na vikao vya wazi vya Tume vikaanzia Kaskazini Mashariki mwaka 2011. Kwa hiyo, mwanahistoria mwenyeji alitangulia. Aliyafanya, bila mamlaka ya kisheria, bila bajeti na bila kinga, yale ambayo taifa lilikuja kuyafanya baadaye kwa mamlaka, bajeti na kinga.

5.0 Lugha tatu za ushahidi

Suala la lugha halikwepeki. Masimulizi ya manusura wa Wagalla yamehifadhiwa kwanza kwa Kisomali. Amri za askari na maofisa wa Kenya kwa kawaida zilitolewa kwa Kiswahili. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Kati ya lugha hizi tatu, ile ya anayeumia na ile ya anayeamuru hazikupata kitabu. Iliyopata ni ile ya mahakama na ya wasomi.

Sababu si ngumu kuzitambua. Kisomali kilipata hati rasmi ya Kilatini nchini Somalia mwaka 1972, lakini mtoto wa Kisomali nchini Kenya alisomeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Msomi wa Garissa anaweza kuwa hodari wa kusimulia kwa Kisomali na asiwe na mazoea ya kukiandika. Isitoshe, mwandishi anayeishtaki serikali huandika kwa lugha ambayo serikali haitaweza kudai haikuielewa, na ambayo wageni wa nje pia wataisoma.

Hata hivyo, kuna gharama. Masimulizi ya mfugaji mzee yanapohamishiwa katika Kiingereza, hupoteza mpangilio wake wa wakati, ambao mara nyingi hufuata mvua na ukame badala ya kalenda, na hupoteza taratibu za heshima zinazoonyesha ni nani anayemwambia nani. Msomaji hupata habari, lakini msimulizi hupungua. Hili si kosa la Salah Abdi Sheikh peke yake. Ni hali ya fasihi nzima ya ushuhuda barani Afrika.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, hata hivyo, jambo hili ni deni linalotuhusu moja kwa moja. Fasihi yetu ina desturi ndefu ya historia ya wenyeji. Habari za Pate zilihifadhiwa na kunakiliwa na wenyeji wenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika juu ya desturi za watu wake, na kazi hiyo ikachapishwa Ujerumani mwaka 1903. Shihabuddin Chiraghdin, akishirikiana na Mathias Mnyampala, alituachia Historia ya Kiswahili (1977). Lugha yenye urithi wa namna hii, ambayo pia ni lugha ya taifa na, tangu Katiba ya mwaka 2010, lugha rasmi pamoja na Kiingereza, haiwezi kuridhika kubaki kaskazini kama lugha ya kizuizi cha barabarani na ya kudai kitambulisho. Kutafsiri ushuhuda wa Wagalla na kuufundisha kwa Kiswahili kutakuwa na maana zaidi ya kuongeza vitabu maktabani. Kutakuwa ni kuitaka lugha iliyotoa amri isikilize pia yaliyotokana na amri hizo.

6.0 Wale ambao nasaba haiwahesabu

Tumesema kwamba abtirsi ni hesabu ya mababa. Ni dhahiri basi kwamba wanawake hawamo katika mnyororo huo kama viungo. Mwanamke ana nasaba ya baba yake, lakini jina lake mwenyewe halipokewi na vizazi. Mwanahistoria anayetegemea nasaba peke yake atawaacha nje.

Katika Wagalla, kuachwa huko kunaharibu historia yenyewe. Wanaume ndio waliopelekwa uwanjani. Waliobaki kuziona nyumba zikichomwa, kunajisiwa, kutafuta maiti na kulea yatima walikuwa wanawake. Ripoti ya Tume imethibitisha ukatili dhidi yao, na Tume ililazimika kuandaa vikao maalumu vya wanawake, kwa kuwa mengi hayangesemwa mbele ya hadhara ya wanaume. Jamii ya Wasomali inao utungo wa wanawake uitwao buraanbur, ambao hubeba sifa, maombolezo na hoja. Ingefaa watafiti wauchukue utungo huu kama hifadhi ya historia yenye uzito sawa na nasaba ya wazee. Mtafiti Keren Weitzberg, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu Wasomali wa Kenya, ameonyesha kwamba masimulizi na ushairi vinaweza kusomwa sambamba na nyaraka bila ya kimoja kukidharau kingine. Njia hiyo inafaa kufuatwa na wenyeji wenyewe, ambao wana faida ya kuijua lugha tangu utotoni.

Pengo la pili linahusu Garissa. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa na wahalifu wenye silaha, mtaa wa Bulla Karatasi mjini Garissa ulichomwa moto, watu wakauawa na maelfu wakazuiliwa katika uwanja wa shule ya msingi. Tukio hilo lilitangulia Wagalla kwa zaidi ya miaka mitatu, na mbinu zake zinafanana nalo: kukusanya watu wengi katika uwanja mmoja, kuwanyima maji na chakula, kuadhibu umma kwa kosa la wachache. Tukio la Wagalla limepata kitabu chake, na baadaye filamu ya Judy Kibinge, Scarred: The Anatomy of a Massacre (2015). Bulla Karatasi halijapata mwangwi wa kiasi hicho katika kumbukumbu za taifa. Tukizisoma kwa pamoja, dhana ya kwamba Wagalla ilikuwa ajali ya siku moja, au ugomvi wa koo mbili uliozidi, hupoteza nguvu. Tunaona mtindo wa utawala uliorudiwa mahali pawili dhidi ya watu wa koo tofauti. Usomaji huu ndio unaoweza kuutoa ushuhuda mikononi mwa ukoo mmoja na kuuweka mikononi mwa raia wote.

7.0 Garissa, 2015

Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu kishiriki cha Garissa, kilichoanzishwa mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Watu 148 waliuawa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Hapa wauaji hawakuwa askari wa serikali, na waliouawa wengi walitoka nje ya eneo hili. Matukio haya mawili hayalingani kwa chanzo wala kwa nia, na haifai kuyachanganya. Lakini kuna jambo la kimbinu ambalo mhakiki hawezi kulipita. Katika Garissa pia watu walitenganishwa kabla ya kuuawa, safari hii kwa dini. Swali la "wewe ni wa nani?" liliulizwa tena.

Jambo la pili ni jinsi Wakenya walivyoitikia. Ndani ya siku chache, watu walianza kusambaza mitandaoni majina na picha za waliouawa, wakisisitiza kwamba 147, idadi iliyotangazwa wakati huo, isiwe tarakimu tu. Taifa lilifanya kwa siku chache kazi ambayo waliouawa Wagalla waliisubiri kwa zaidi ya miaka 20. Tunaweza kueleza tofauti hiyo kwa teknolojia, na maelezo hayo ni ya kweli kwa kiasi chake. Lakini hayatoshi. Mwaka 2015 serikali na umma walikubaliana kwamba waliokufa walikuwa ni wao. Mwaka 1984 hapakuwa na makubaliano hayo. Kazi ya mwanahistoria mwenyeji ni kuyadai kwa niaba ya wafu ambao taifa halikuwahi kuwaita wake.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba umuhimu wa Salah Abdi Sheikh hautokani tu na ujasiri wa kulisema lililokatazwa. Unatokana na kwamba aliandika akiwa ndani ya mvutano ambao mwandishi wa nje hana budi kuuchunguza lakini halazimiki kuuishi. Nasaba ni urithi wake na ni jeraha la watu anaowaandika. Kwa kuliweka jina la mahali mbele ya jina la ukoo, kitabu kimefungua njia ya kulifanya tukio la Wagalla kuwa mali ya historia ya Kenya. Kwa kutegemea mashahidi, kimelitoa suala hili katika ubishi wa tarakimu.

Mapungufu tuliyoyataja, ya lugha, ya nafasi ya wanawake katika kumbukumbu inayotegemea nasaba, na ya kulitenga tukio moja na jingine, si ya kumlaumu mwandishi mmoja. Ni orodha ya kazi iliyobaki. Tangu mwaka 2017 Garissa ina chuo kikuu chenye hati yake. Wanafunzi wake wanaishi miongoni mwa wazee na wajane ambao wangali wanakumbuka mwaka 1980, na safari ya Wajir si ya mbali kwao. Manusura hao wanazeeka, na kila anayezikwa anaondoka na majina ambayo hayamo katika taarifa yoyote ya serikali. Idara za Kiswahili, za historia na za fasihi zina wajibu wa kuwatuma wanafunzi hao wakasikilize kwa Kisomali, waandike kwa Kisomali na kwa Kiswahili, na wayataje majina yote, ya akina baba na ya akina mama, kabla ya kujumlisha.